Mke Mwenza Kutoka Muscat

Jamani, ndoa yangu ina miaka minne, na katika hiyo minne nimeishi na mke mwenza karibu miaka miwili. Msishtuke, wala msianze kunipa pole. Mke mwenza wangu alikuja ndani ya boksi, ana uzito wa kilo mbili na nusu, kila kitufe chake kinawaka taa, na akianza kupumua unadhani ndege inataka kuruka pale sebuleni kwetu Tabata. Ni kompyuta. Laptopu ya gemu, zile nene zenye kadi ya picha ya peke yake na chaja nzito kama tofali.

Aliyetuletea ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye anafanya kazi Muscat. Alimnunulia kaka yake kama shukrani, maana kaka ndiye aliyemlipia nauli ya kwenda huko. Kwa kweli siku ya kwanza hata mimi nilifurahi. Plagi yake ni ile ile ya kwetu ya miguu mitatu, umeme wao na wetu haupishani, tukachomeka tu na kuwasha. Sikujua ninachokiwasha.

Tatizo lilikuwa Alhamisi. Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi usiku shemeji yuko huru kama ndege. Mume wangu Ijumaa anakwenda kazini kama watu wengine, lakini nani wa kumwambia? Ikifika saa tatu usiku yetu, Muscat wako saa nne, hedifoni kichwani, pedi mkononi, wanacheza mpira kwenye kompyuta. Lile gemu tangu mwaka 2023 limebadilishwa jina likawa EA Sports FC, ila kwangu wote bado wanaliita FIFA na ukiwasahihisha wanakuangalia kama umetukana. Hapo usiniulize habari ya mazungumzo ya mke na mume. Mimi na sahani zangu, wao na kona na penalti.

Sasa Alhamisi moja, mwezi wa tatu, nilirudi nyumbani na barua ya kupandishwa cheo. Nafanya kazi ya bima, idara ya madai, na nilikuwa nimekisotea kile cheo miaka mitatu. Nikapitia sokoni, nikapika biriani, nikaoga, nikajipulizia. Mume wangu akaniambia, bila hata kugeuka, "Dakika kumi tu mama, tuko dakika ya sabini." Nikakaa. Dakika ya sabini ikaisha, ikaanza mechi nyingine. Saa tano nikafunika biriani, nikaenda kulala na barua yangu.

Saa saba usiku nikaamka. Taa za sebuleni zinawaka, nikatoka. Bwana amelala kwenye kochi, mdomo wazi, hedifoni imemwangukia shingoni, mashine inaunguruma na gemu linaendelea peke yake. Na kwenye zile hedifoni, sauti ndogo inaita: "Kaka? Kaka, umelala?"

Sikujibu. Nikachomoa hedifoni, nikainyanyua mashine hivyo hivyo ilivyo, wazi na inawaka, nikaisukumiza kwenye kochi la pili na kuikandamizia mito miwili juu. Sikutaka kuona zile taa. Nikarudi kitandani, nikalala usingizi mzuri sana, niseme ukweli.

Saa kumi na moja alfajiri nikakumbuka. Nilipotoa mito, mashine ilikuwa imezima yenyewe na tumbo lake lina moto kama kikaango cha chapati. Nikairudisha mezani taratibu, nikaifunga, nikaenda kuchemsha chai.

Jioni yake mume wangu akabonyeza kitufe. Taa za vitufe zikawaka, feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Akabonyeza tena. Akachomoa chaja, akashikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika, akaachia, akawasha. Cheusi. Akaiunganisha na televisheni kwa waya, maana picha ikitokea kwenye televisheni basi ugonjwa uko kwenye kioo tu. Hakuna kilichotokea. Akakaa kimya akiitazama, nami niko mlangoni na mwiko mkononi, nikasema, "Labda umeme. Si unajua TANESCO."

Ndiyo, nilisema hivyo.

Wiki ya kwanza nilikuwa na furaha, nikiri. Alhamisi ilipofika tukala wote mezani, nikamsimulia cheo changu, akanipongeza mpaka basi. Nikajisemea, kumbe dawa ilikuwa ndogo hivi! Alhamisi ya pili akampigia mdogo wake simu. Nilikuwa pembeni nakunja nguo, nikasikiliza yote.

"Mzima?"

"Mzima kaka. Na nyinyi?"

"Tuko salama. Kazi?"

"Tunamshukuru Mungu."

Kimya. Kirefu. Kisha: "Haya bwana." "Haya kaka, msalimie shem." Dakika mbili hazikufika.

Msomaji, inabidi nikueleze kitu hapa. Mama mkwe wangu alifariki mwaka mmoja kabla ya hapo. Shemeji hakuja kuzika. Kazi yake ilikuwa mpya, tajiri wake hakumpa ruhusa, na mpaka apate tiketi, watu walikuwa wameshatoka makaburini. Hajawahi kulizungumza hilo mbele yangu. Lakini baada ya ile simu nikaanza kukumbuka vipande nilivyovisikia Alhamisi zile nikiwa jikoni nimenuna: katikati ya kelele za goli, mume wangu anasema kwa sauti ya chini, "Alikutaja siku ile, alikutaja mara mbili." Kisha, "Pasi, pasi huko!" Wanaume wale walikuwa wanaombolezana kwa kupigiana pasi, na mimi nilikuwa nahesabu sahani.

Hapo ndipo nikaamua mashine itengenezwe, na nitalifuatilia mimi mwenyewe. Mume wangu alishakata tamaa. Mtu wa madai ni mimi.

Nikaanza na risiti. Mnunuzi ni shemeji, na risiti ilikuwa ya karatasi ile inayong'aa, ya kuchapwa kwa joto, ambayo ukiiacha kwenye gari au karibu na dirisha maandishi yanafifia hadi unabaki na karatasi nyeupe. Bahati yetu, shemeji aliipiga picha siku ile ile aliyonunua. Waranti ilikuwa miaka miwili kuanzia tarehe ya kununua, na kwa hesabu zangu tulikuwa mwezi wa ishirini na mbili. Kama una kifaa chochote cha bei ndani, dada yangu, simama sasa hivi ukaipige picha risiti yake na ile namba iliyo chini ya mashine. Nitakusubiri.

Tukaipeleka kwa wakala hapa mjini, ambaye jina lake litabaki kwangu. Kijana wa mapokezi, tai imekaa vizuri, akaingiza ile namba kwenye kompyuta yake, akatabasamu, akasema, "Hii siyo yetu mama. Hii ni ya Uarabuni." Nikamwambia nembo ni moja. Akasema nembo ni moja lakini waranti ni ya kanda ilikouzwa. Mume wangu akaanza kupandisha sauti. Mimi nikamvuta shati, kwa sababu ile sauti ya yule kijana naifahamu, ndiyo sauti yangu ya saa tisa mchana siku ya Ijumaa. Halafu nilipoisoma ile kadi ya waranti, maandishi madogo kama sisimizi, kweli ilikuwa imeandikwa. Watengenezaji wengine wanakupa waranti ya dunia nzima, wengine ya kanda, na mara nyingine kampuni moja ina mashine za aina zote mbili. Mashine ya zawadi kutoka nje inakuja na waranti iliyobaki nje.

Tulipotoka pale tukapitia Kariakoo, kusikiliza tu. Fundi, kijana mwenye mikono myepesi kama mshona vyandarua, akaiwasha, akasikiliza feni, akasema, "Hii ni kadi ya picha. Nafungua, naipasha mazabodi moto, itawaka leo leo. Laki mbili." Macho ya mume wangu yakang'aa. Nikamuuliza fundi, ikiwaka itadumu muda gani? Akacheka, fundi mkweli yule, akasema, "Inaweza mwezi, inaweza mwaka, inaweza kufika Buguruni tu." Kupasha moto chipu kunaweza kuifufua kwa muda, ugonjwa unabaki pale pale. Na kwenye skrubu moja kulikuwa na stika ndogo. Akiitoboa ile, Muscat hawatatuangalia usoni. Nikamshukuru, nikamnunulia soda, tukaondoka. Mume wangu hakunisemesha kwenye daladala hadi Tabata.

Basi ikabidi mashine irudi kwao. Shemeji akaenda dukani aliponunua, wakamtumia fomu kwa barua pepe, Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mume wangu akaniambia jaza wewe, ndiyo kazi yako. Nikakaa nayo usiku mezani. Jina, namba, tarehe, zote nikajaza. Kisha swali la tisa: je, kabla ya kuharibika, kifaa kiliangushwa, kilimwagikiwa maji, au njia zake za hewa zilizibwa? Kama ndiyo, eleza.

Nililiangalia lile swali kama nusu saa.

Niwaeleze kazi yangu. Mwaka uliopita nilimkatalia mzee mmoja madai ya gari kwa sababu alificha kwamba aliyekuwa anaendesha siku ile ni kijana wake asiye na leseni. Mzee alilia ofisini. Nikamwambia kwa upole kabisa kwamba bima inasimama juu ya nia njema, kwamba ukificha jambo la msingi mkataba wote unayumba. Nilikuwa sahihi, na ningefanya vile tena. Sasa mimi huyo huyo, na kalamu, na neno "hapana" ambalo lingechukua sekunde moja. Nani angejua? Waranti inalipia kosa la kiwandani, hailipii mito ya mke mwenye hasira. Nikiandika "ndiyo" nawapa sababu ya kukataa. Nikiandika "hapana", mume wangu ndiye anayesaini chini.

Hilo la saini ndilo lililonishinda. Nikaenda kumwamsha.

Nilimweleza yote, nimesimama, taa imezimwa. Biriani, barua, mito, kikaango, TANESCO. Nilitegemea atasema bei ya mashine. Nilikuwa hata nimejiandaa na jibu la bei, nitakatwa kwenye mshahara mpya, kidogo kidogo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo ulimsikia anaita?"

Nikasema nilimsikia.

Akachukua shuka akaenda kulala sebuleni. Usiku wa kwanza, na wa pili. Asubuhi tunasalimiana kama wapangaji. Shosti yangu wa ofisini alinishauri kitu ambacho sitakiandika hapa, maana na yeye ndoa yake inapumulia mashine. Siku ya tatu nilikuta ile fomu mezani, kwenye swali la tisa ameandika kwa mwandiko wake: iliachwa ikiwaka chini ya mito kwa takriban saa nne. Na chini amesaini. Hakuandika nani aliiacha.

Jioni ile alimpigia mdogo wake, akamwambia yeye mwenyewe. Sikusikia, alitoka nje. Baada ya robo saa simu yangu ikalia, ujumbe wa sauti kutoka Muscat. Nikajifungia bafuni kuusikiliza. Shemeji alikohoa, akacheka kidogo, akasema, "Shem, ungeniambia hata hujambo. Mimi nilikaa pale mpaka saa tisa nikidhani kaka amezidiwa." Basi. Hakuongeza kitu.

Safari ya mke mwenza haikuwa ngumu. Tuna jirani, Bi mkubwa wa Kizanzibari, mwanawe wa kike ameolewa Muscat na alikuwa anakwenda kumlea uzazi. Tukamwomba, akasema, "Mzigo wa ndugu hauna uzito," ingawa alipoibeba alikunja uso. Aliingia nayo ndani ya ndege kwenye mkoba wa mkononi. Mashirika ya ndege yanataka hivyo kwa sababu ya betri za lithiamu, na betri ikiwa chini ya saa-wati 100 haihitaji kibali. Ndiyo maana laptopu nyingi za gemu, hata ziwe kubwa vipi, zinaishia kwenye tisini na kitu. Tulikagua kwanza kwamba betri haijavimba. Iliyovimba hairuhusiwi kupanda ndege. Picha za harusi tulikuwa nazo kwenye diski ya nje, Mungu mkubwa, kwa sababu karatasi ya kupokelea mzigo ilisema wazi kwamba duka halihusiki na chochote kilichomo ndani.

Kisha tukasubiri. Waliahidi siku kumi na nne. Wiki ya tatu kimya, ukiuliza unaambiwa "kipuri kiko njiani", na mimi nikacheka kwa uchungu kwa sababu kwetu tunasema "faili liko mezani kwa meneja". Nikamwambia shemeji asigombane na mtu. Aandike barua pepe fupi yenye namba ya karatasi, tarehe ya kupokelewa na tarehe waliyoahidi, na aulize jibu litatoka lini na kwa jina la nani. Sisi watu wa kaunta barua ya namna ile ndiyo inayotunyima usingizi. Akaongeza kwa heshima kwamba kama hapana budi atapeleka suala kwa Mamlaka ya Kulinda Walaji, maana Oman wana chombo hicho na wana sheria ya mlaji ya mwaka 2014. Kesho yake alipigiwa simu. Na hapa kwetu usidhani tuko mikono mitupu: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina vifungu vya kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Tunayo sheria, tunakosa risiti.

Alhamisi zile za kusubiri zilikuwa ndefu. Nilimwambia mume wangu ampigie mdogo wake simu ya video. Akajaribu. Walitazamana kama watu wamepanga foleni benki.

Wiki ya sita ikaja taarifa. Mazabodi nzima imebadilishwa chini ya waranti, usafi wa ndani tumetozwa riali kumi. Ndani ya matundu ya hewa walikuta vumbi na nyuzi za pamba. Nilipoisoma ile "nyuzi za pamba" uso uliniungua. Ni mito yangu ile, niliishona mwenyewe. Nikamwomba shemeji amuulize fundi wao, mimi au siyo mimi? Fundi akamwambia kwamba mashine hizi zina ulinzi, joto likizidi zinapunguza kasi, likizidi zaidi zinajizima zenyewe, ndiyo maana niliikuta imezima. Usiku mmoja kwa kawaida hauui mashine nzima. Chipu ya kumbukumbu kwenye kadi ya picha ilikuwa imekufa, na chipu ya hivyo inaweza kuwa ilizaliwa na kasoro, inaweza kuwa imechoshwa na kupata moto na kupoa miezi ishirini na mbili, inaweza kuwa mito ilimalizia. Wao walisoma maelezo yetu, wakaona hayatoshi kukataa. Hakunisafisha, wala hakunitia hatiani. Nilitamani afanye mojawapo.

Bi mkubwa alirudi nayo mwezi wa saba pamoja na haluwa na picha za mjukuu. Karatasi ilisema mazabodi mpya ina waranti ya siku tisini tu. Mume wangu alinunua kibao chenye feni cha kuwekea chini yake, na mito yangu ikahamishiwa chumbani bila mjadala.

Alhamisi ya kwanza walianza saa tatu kama zamani. Nilikuwa jikoni. Kipindi cha mapumziko umeme wa LUKU ukabaki yuniti mbili, mume wangu akatoka mbio kwenda kwa wakala, maana mtandao wa simu ulikuwa unagoma. Hedifoni ziko mezani. Nikasikia ile sauti ndogo.

"Kaka? Uko hapo?"

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikakaa, nikavaa hedifoni. Zilikuwa na moto wa kichwa chake.

"Ni mimi, shem. Hujambo?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama najua kushika pedi. Nikamwambia sijui. Akasema, "Mpira unao wewe, shem, bonyeza chochote."

Mpaka mume wangu anarudi na LUKU, nilikuwa nimefungwa saba bila.